Bibi Zetu Hawakulala, Walinyamaza

Mhariri, makala yenu iliyodai kwamba mwanamke aliyekoma hedhi atalala vizuri akirudia mizizi ya bibi zetu inauza ndoto. Mizizi ipi? Sokoni Kakamega mzizi wa mukombero haukosekani, na wanaoutafuna husifu nguvu unazowapa. Nguvu saa nne usiku ni za nini?

Eti bibi zetu hawakulijua tatizo hili la kukosa usingizi. Walilijua, hawakuwa na wa kumwambia. Estrojeni ikipungua, sehemu ya ubongo inayodhibiti joto la mwili hushtushwa na badiliko dogo tu, na mama huamka ameloa jasho.

Yapo ya asili yanayosaidia, ila hayauzwi. Chai ya jioni iachwe, maana kafeini huchukua takriban saa tano kupungua nusu mwilini. Pombe ya busaa nayo huleta usingizi upesi, kisha huukatiza usiku wa manane. Kakamega iko mita 1,500 hivi juu ya bahari. Ubaridi wake ni wa bure. Blanketi zito litoke, dirisha lifunguliwe, neti isiguswe.

Neti, kwa sababu huku malaria haijaisha, na hapo ndipo mlipokosea vibaya. Mama wa miaka 50 mwenye homa na jasho la usiku anahitaji kipimo kabla ya kikombe cha mizizi. Akiwa anakohoa na kukonda, apimwe kifua kikuu. Akikutwa mzima na bado halali, amwulize daktari kuhusu homoni, au tiba ya kurekebisha mazoea ya usingizi, isiyo na kidonge hata kimoja. Mbona hiyo hamkuitaja?