Na Mgonjwa Mwenyewe Aulizwe



Juma lililopita, baada ya swala ya alasiri, tuliitwa katika nyumba moja ya hapa Sekei kusikiliza shauri la ndugu wanne waliokuwa hawaelewani. Baba yao, mwalimu mstaafu, alitokwa na doa jeusi katika unyayo wa mguu wa kushoto. Alidhani ni mwiba aliokanyaga kwenye migomba. Akauloweka mguu katika maji ya chumvi, akapaka dawa za majani, akavaa kiatu na kuendelea na maisha. Doa likawa kidonda kisichofunga. Mwaka wa pili ukatokea mtoki usiokwisha. Ndipo alipofikishwa KCMC, Moshi, kinyama kikakatwa na kupimwa, na majibu yakarudi kwamba ni melanoma, saratani ya chembe zinazoipa ngozi rangi yake, nayo imekwisha kufika mapafuni.

Binti wa mzee anayeishi ughaibuni ameandika kwamba huko aliko ipo hospitali inayotafuta wagonjwa wa kushiriki katika majaribio ya tiba mpya ya kuamsha kinga ya mwili. Kaka mkubwa anataka kiwanja cha mzee kiuzwe ili baba asafiri. Wa pili anasema baba yake hatafanyiwa majaribio kama mnyama. Wa tatu anasema hii ni kadari, na kilichobaki ni dua. Wakatutaka tuseme nani kati yao ana haki. Wameturuhusu kuliandika shauri lao bila majina, kwa kuwa leo ni kwao na kesho laweza kuwa kwetu.

Kwanza tuujue ugonjwa wenyewe. Wengi wetu huamini kwamba saratani ya ngozi ni maradhi ya Wazungu na ya ndugu zetu wenye ualbino. Ni kweli kwamba jua huwadhuru mno wenye ualbino, na ndiyo maana hapo KCMC, penye kituo cha kufundisha mabingwa wa ngozi tangu mwaka 1992, hutengenezwa pia mafuta ya kuwakinga na jua. Lakini melanoma inapompata mtu mweusi, mara nyingi haitokei mahali panapopigwa na jua. Hujificha unyayoni, kiganjani au chini ya ukucha. Bob Marley, mwanamuziki wa Jamaika, alifariki Mei 1981 akiwa na umri wa miaka 36 kwa saratani ya aina hii, nayo ilianzia chini ya ukucha wa kidole cha mguu. Kwa kuwa hatutazamii kuikuta huko, huonekana ikiwa imekwisha kusafiri.

Sasa tuitazame tiba. Allah (s.w.t.) ameujaalia mwili askari wa kuulinda, nazo ni chembe nyeupe za damu. Ili askari hao wasiugeukie mwili wenyewe, amewawekea hatamu za kuwazuia. Saratani ina hila: huzishika hatamu hizo, na askari wakasimama wakiitazama bila kuigusa. Wanasayansi wawili, James Allison wa Marekani na Tasuku Honjo wa Japani, walionesha kwamba hatamu hizo zaweza kulegezwa, na mwaka 2018 wakapewa tuzo ya Nobel ya tiba. Dawa ya kwanza ya namna hii kwa melanoma, ipilimumab, iliidhinishwa Marekani mwaka 2011, zikafuata pembrolizumab na nivolumab mwaka 2014. Kwa kawaida huingizwa mwilini kwa dripu, kila baada ya majuma kadhaa.

Habari za dawa hizi zina furaha ndani yake. Zamani, wengi waliopatwa na melanoma iliyoenea hawakumaliza mwaka. Jimmy Carter, aliyekuwa Rais wa Marekani, aligundulika mwaka 2015 akiwa nayo katika ini na ubongo. Alitibiwa kwa upasuaji, mionzi na pembrolizumab, akaishi hadi Desemba 2024, akiwa na umri wa miaka 100. Katika utafiti mmoja mkubwa, kati ya kila wagonjwa 100 waliopewa ipilimumab na nivolumab kwa pamoja, takriban 43 walikuwa hai baada ya miaka kumi.

Lakini mwenye insafu husoma hesabu yote. Hao 57 waliobaki nao walikuwa na watoto na wajukuu. Zaidi ya nusu ya waliopewa dawa hizo mbili walipata madhara makali, kwa sababu askari aliyeachiwa hatamu huweza kushambulia utumbo, ini, mapafu au tezi za mwili. Tena walioshiriki katika tafiti hizo walikuwa Wazungu kwa wingi mno, na melanoma ya unyayoni kwa kawaida huitikia dawa hizi kwa uchache kuliko ile ya ngozi iliyochomwa na jua. Kwa hiyo aliyeyasoma ya Carter asidhani ameyasoma ya baba yake.

Tena tutofautishe dawa iliyokwisha kuidhinishwa na dawa iliyo katika majaribio. Jaribio ni swali ambalo bado halijajibiwa. Hatua ya kwanza hutafuta kipimo ambacho mwili utakivumilia. Ya pili hutazama kama dawa inafanya kazi. Ya tatu huilinganisha na tiba iliyozoeleka. Katika kulinganisha huko, mara nyingi ni kura inayoamua nani apewe ipi, si daktari wala mgonjwa. Kwa saratani iliyoenea, kundi la pili kwa kawaida hupewa tiba iliyozoeleka, haliachwi bila kitu. Hata hivyo, anayekwenda akidhani hakika atapewa dawa mpya, huenda akarudi na huzuni mbili.

Je, kushiriki ni kujidhalilisha? Hatusemi hivyo. Chanjo ya malaria iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani Oktoba 2021 ilijaribiwa pia hapa kwetu, Bagamoyo na Korogwe, na waliowapeleka watoto wao ni wazazi kama sisi. Lakini hofu ya yule ndugu wa pili nayo haikuzuka hewani. Mwaka 1996 huko Kano, Nigeria, wakati wa mlipuko wa homa ya uti wa mgongo, kampuni kubwa ya dawa ya Marekani iliwajaribia watoto dawa yake, na wazazi wakalalamika kwamba hawakuelezwa kuwa lile lilikuwa jaribio. Shauri lile lilichukua miaka mingi, hadi mwaka 2009 ilipofikiwa suluhu ya fedha. Bagamoyo na Kano zote mbili zilikuwa na majaribio. Tofauti tunayopaswa kuitafuta ni kama mhusika alielezwa, akaelewa, kisha akaridhia.

Hapo ndipo dini yetu inapotushika mkono. Mtume (s.a.w.) aliwahimiza masahaba watafute tiba, akawafundisha kwamba Allah hakuteremsha maradhi ila ameyateremshia dawa. Basi yule ndugu wa tatu atambue kwamba kutafuta dawa hakupingani na kadari, kwa kuwa dawa nayo ni katika kadari. Lakini tunayo pia habari ya yule mwanamke mweusi mwenye kifafa, iliyopokewa na Ibn Abbas (r.a.). Alikwenda kwa Mtume (s.a.w.) kuomba aombewe, naye akampa hiari: asubiri na alipwe Pepo, au aombewe apone. Alichagua subira, akaomba tu asifunuke mwili anapoanguka. Mtume (s.a.w.) hakumlazimisha. Wala hakumuuliza kaka yake.

Mwezi Mei 1992, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilikutana Jeddah na kutoa azimio kuhusu matibabu. Lilibainisha kwamba hukumu ya kujitibu hubadilika kwa hali: mara huwa wajibu, mara sunna, mara mubaha. Likasema pia kwamba idhini ya mgonjwa mwenye akili timamu ni sharti, na kwamba katika utafiti wa kitabibu idhini hiyo isipatikane kwa kulazimishwa wala kwa kumvutia maskini kwa fedha, na utafiti wenyewe usilete madhara.

Kwa msingi huo, familia yoyote inayofikiria jambo hili na iulize maswali haya, na majibu yaandikwe. Jaribio liko katika hatua ipi? Je, limesajiliwa hadharani, na kamati ya maadili imeliridhia? Hapa Tanzania, jaribio la dawa huhitaji kibali cha maadili kutoka Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, na ruhusa ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Nchi nyingine nazo zina vyombo vyao. Je, mgonjwa wetu anatimiza masharti, kabla hatujakata tiketi? Wengi hukataliwa kwa sababu saratani imefika ubongoni, au kwa maradhi mengine waliyo nayo. Nani atalipia matibabu ya madhara? Jaribio likifungwa, dawa itaendelea? Damu na vinyama vitapelekwa wapi? Je, anaweza kujitoa siku yoyote bila kunyimwa matibabu mengine?

Dawa ya jaribio kwa kawaida mgonjwa hailipii. Anayedai fedha ili akuingize katika jaribio, mkimbie. Gharama inayomaliza kiwanja ni ya safari, malazi na miezi ya kukaa karibu na hospitali, kwani madhara hayasubiri miadi. Mgonjwa wa tiba hii akiharisha, asijitibu amiba nyumbani. Awaarifu madaktari wake siku hiyo hiyo.

Na kiwanja je? Tuliwaambia wale ndugu waziwazi: mirathi haipo na mtu angali hai. Kiwanja ni cha mzee. Akitaka kukiuza kwa matibabu yake, ni mali yake. Akitaka kukibakisha, asilaumiwe. Mtoto anayekihesabia kiwanja siku za baba yake na autazame moyo wake.

Yupo pia anayedhani kwamba kuacha jaribio ni kumwacha mgonjwa. Sivyo. Ipo tiba shufaa, inayotuliza maumivu, pumzi na wasiwasi, nayo haimzuii mtu kutafuta tiba nyingine. Mgonjwa ana haki nayo tangu siku ya kwanza, aende au abaki.

Baada ya maneno hayo yote tuliuliza: mzee anasemaje? Pakawa kimya. Alikuwa chumba cha pili, mlango ukiwa wazi, amesikia kila kitu. Tukaenda kumsalimu, tukaketi. Akasema, “Nimefundisha watoto miaka thelathini wajifunze kuuliza maswali. Hawa wangu hawakuniuliza hata moja.”

Kisha akauliza yeye. Alitaka kujua kama huko ataweza kuswali jamaa, nani atamfasiria madaktari, na akifia huko atazikwa wapi na nani. Akataka karatasi za jaribio zitafsiriwe kwa Kiswahili na asomewe zote, na daktari wake wa Moshi azione kabla ya lolote. Mwisho akaomba kalamu aandike wasia wake na madeni yake, akasema kwamba hilo halina uhusiano na kukata tamaa, ni jambo alilolichelewesha tu. Karatasi sasa zinatafsiriwa. Hajasema ndiyo, hajasema hapana.

Hatukumpa haki yeyote kati ya wale ndugu, kwa kuwa haki ya kuamua haikuwa yao. Yao ni kumpa baba habari za kweli, kumsindikiza atakakokwenda, na kutomsimanga atakapoamua.

Nawe msomaji, usiku wa leo kabla wazee wako hawajalala, waombe wakuonyeshe nyayo na kucha zao. Doa jeusi linalokua, mstari mweusi unaopanuka chini ya ukucha, kidonda kisichofunga kwa majuma: usikiite mwiba. Kipeleke hospitali.

Tunamuomba Allah ampe mzee wetu shifaa, au moyo mkunjufu, au vyote viwili. Wabillahi tawfiq.