Farasi Hakimbizwi Juu ya Barafu

Umeiona ile picha. Farasi wa kahawia amesimama kwenye theluji, pumzi inamtoka puani kama mvuke wa sufuria, na chini yake kuna maneno ya kukuamrisha uamke saa kumi alfajiri kwa sababu mabingwa hutengenezwa wengine wakiwa wamelala. Hutumwa kwa grupu za familia. Mabosi huibandika LinkedIn kila Januari. Na kila mtaa una mhubiri wake wa mafanikio mwenye toleo lake: farasi wa mbio hajui baridi, hajui visingizio, wewe je?

Mimi leo nataka kumtetea farasi, kwa sababu anasingiziwa.

Tuanze na ardhi. Mbio za majira ya baridi kule Uingereza na Ireland ni za kuruka viunzi kwenye nyasi, kuanzia maili mbili hadi zaidi ya nne. Farasi ana karibu kilo 500, na akitua upande wa pili wa kiunzi, uzito huo wote unashukia mguu mmoja wa mbele kabla wa pili haujafika. Ardhi yenye unyevu humeza kishindo. Ardhi iliyoganda ni kama kuruka kutoka ukutani ukaangukia saruji. Kinachoumia mara nyingi ni kano zilizo nyuma ya mguu wa mbele, na kano haina damu nyingi ya kuiponya haraka. Farasi aliyechanika kano hukaa karibu mwaka mzima bila mbio, wakati mwingine zaidi, na wengi hawarudi walivyokuwa.

Kwa hivyo asubuhi ya mbio msimamizi wa uwanja hutembea akidunga nyasi kwa fimbo. Usiku kucha pengine zilikuwa zimefunikwa kwa mashuka makubwa ili zisigande. Fimbo ikigoma kuingia, basi, mbio zimefutwa. Tiketi zimeuzwa, kamera zimefungwa, watu wameshaweka pesa kwa bukini, na bado zinafutwa. Farasi wanarudishwa kwenye malori wakapelekwa nyumbani kula. Na sijawahi kusoma mahali popote kwamba kuna aliyesimama getini akawaambia wale farasi ni wavivu, ati kizazi chao hakipendi kazi.

Majira ya baridi ya 1962 na 1963 yalikuwa mabaya kupita kiasi. Kuanzia karibu na Krismasi hadi mwanzoni mwa Machi, mbio karibu zote za Uingereza zilifutwa. Wiki baada ya wiki, hakuna. Mechi za mpira nazo ziliahirishwa kwa wingi, hadi Januari 1963 wenye kamari ya kubashiri mechi wakaunda kamati ya watu wa kukaa chumbani na kukisia mechi ambazo hazikuchezwa zingeishaje, ili pesa zisilale. (Wakenya wa kubeti msicheke. Sisi tunabetia farasi wa kompyuta ambao hawajawahi kuwa na kwato.) Machi theluji ilipoyeyuka, mbio za Cheltenham zilifanyika kama kawaida na farasi anayeitwa Mill House akachukua Gold Cup. Dunia haikuisha kwa sababu farasi walipumzika.

Lakini ile miezi wakufunzi walikuwa wanafanya nini? Hapa ndipo ile picha inadanganya zaidi. Walikuwa wanapunguza. Farasi anayepewa shayiri nyingi halafu asimame tu zizini yuko hatarini: akirudishwa kazini ghafla, misuli yake hukaza kama ubao, hawezi kupiga hatua, mkojo unageuka rangi ya kahawa. Ugonjwa huo ulizoeleka kwa farasi wa mikokoteni waliopumzika Jumapili kwa chakula kilekile cha siku za kazi, hadi Waingereza wakauita ugonjwa wa Jumatatu asubuhi. Kwa hivyo kazi ikipungua, shayiri inapungua na nyasi kavu inaongezwa. Wengine hutandaza mabua na samadi kwenye duara uani, farasi wanazunguka hapo polepole ili wasipoteze pumzi yote waliyojenga.

Na maji. Farasi akipewa maji ya barafu hunywa kidogo, akinywa kidogo chakula kinakauka tumboni, na msokoto wa tumbo unaweza kumuua. Dawa yake ni ndoo ya maji vuguvugu. Kwato nazo hupakwa mafuta ndani, maana theluji hujishikiza pale ikawa donge, na mnyama anatembea kama amevaa viatu vya visigino. Manyoya hunyolewa ili jasho likauke haraka baada ya mazoezi, na kwa sababu amenyolewa, anavalishwa blanketi, usiku pengine mbili. Hebu nionyeshe bosi wa Januari aliyewapa wafanyakazi wake hata blanketi moja.

Mtaniambia: sawa, lakini kuna farasi walioshinda wakati wengine walishindwa na baridi. Kweli wapo. Tuzungumze juu ya mmoja.

Mwaka 1947 Uingereza iliganda kuanzia mwishoni mwa Januari hadi katikati ya Machi. Grand National, mbio kubwa kuliko zote za viunzi, ilikuwa tarehe 29 Machi. Farasi 57 walijipanga Aintree, na wengi wao walikuwa hawajapata mazoezi ya maana kwa wiki nyingi. Mshindi alikuwa Caughoo wa Ireland, aliyenunuliwa kwa pauni 50, ambaye wabashiri walimpa 100 kwa 1. Aliwaacha wenzake kwa urefu wa farasi 20. Ilikuwa siku ya ukungu mzito, na joki wa farasi aliyekuja wa pili baadaye alidai kwamba Caughoo alijificha nyuma ya kiunzi akasubiri mzunguko wa pili. Wakapigana, mambo yakafika mahakamani. Miaka ikapita, zikapatikana picha zinazomwonyesha akikiruka kiunzi kilekile mizunguko yote miwili.

Siri yake haikuwa moyo wa chuma wala kuamka saa kumi. Farasi wengine waliamka saa ileile wakakuta uwanja umekuwa jiwe. Caughoo alifanyia mazoezi ufuoni Sutton, karibu na Dublin, na mchanga unaooshwa na maji ya chumvi kila siku haugandi kirahisi kama shamba. Alikuwa na ufuo. Basi.

Waswahili wana methali: mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Tumeimbiwa tangu shule ya msingi, na kila mara mkazo unawekwa kwenye kugaagaa. Jitume, zunguka, tafuta. Hakuna mwalimu aliyewahi kutuuliza upwa wenyewe uko wapi, ni wa nani siku hizi, na ukuta wa hoteli umeanzia wapi. Muulize mtu wa Mombasa. Ukigaagaa kwenye lami ya Nairobi unachopata ni magoti yaliyochubuka.

Hata Red Rum, ambaye wahubiri wanampenda kuliko wote, ni hadithi ya ufuo. Mwaka 1972 mkufunzi Ginger McCain, aliyekuwa dereva wa teksi na muuza magari ya mitumba, alimnunua kwa ginea 6,000, farasi mwenye ugonjwa wa mfupa wa kwato ambao kwa kawaida humaliza kazi ya mnyama. Zizi lilikuwa nyuma ya duka la magari pale Southport. Lakini bahari ilikuwa karibu, na Red Rum alifanyiwa mazoezi kwenye mchanga wake na kutembezwa kwenye maji baridi. Akashinda Grand National 1973, 1974 na 1977, na miaka miwili ya katikati akawa wa pili. Nampenda Red Rum. Sitasema uongo, nimetazama zile dakika za mwisho za 1973 mara nyingi kuliko ninavyoweza kueleza. Lakini mtazame Crisp pia, farasi wa Australia aliyeongoza karibu njia nzima na akapitwa hatua chache kabla ya mstari. Crisp alibebeshwa zaidi ya kilo 10 kuliko Red Rum. Kwa mkimbiaji, nani kati ya hao wawili alijituma zaidi?

Na angalia kwa nini alibebeshwa. Ni kanuni ya mbio za aina ile: farasi aliyethibitisha kuwa na nguvu huongezewa uzito ili wengine nao wapate nafasi. Huku kwetu mzigo huongezewa yule ambaye tayari anachechemea, halafu akianguka anatumiwa picha ya farasi.

Nayajua haya kwa sababu nililipwa kuyajua. Mteja mmoja wa ng'ambo aliniagiza makala kumi za kuwafundisha wafanyabiashara somo la uvumilivu kutoka kwa farasi wa mbio wa majira ya baridi, malipo kwa neno, senti chache za dola. Nikasoma wiki mbili. Nikaandika kuhusu fimbo inayodungwa ardhini, kuhusu maji vuguvugu, kuhusu Best Mate, aliyeshinda Gold Cup mara 3 mfululizo, 2002 hadi 2004, huku mkufunzi wake Henrietta Knight akinung'unikiwa kwamba anamficha farasi. Msimu wa 2002 na 2003 alikimbia mara 3 tu: Huntingdon, Kempton, Cheltenham. Akashinda zote. Mteja alirudisha kazi na maoni mafupi: sehemu za kupumzika ziondolewe, zinakatisha wasomaji tamaa. Nikaziondoa maana kodi ya nyumba haisubiri hoja. Hapa nazirudisha.

Kwa nini inaniuma hivi, na ni farasi tu? Kwa sababu hii ndiyo lugha niliyosindikizwa nayo nilipotoka chuo. Mwaka wa tatu, karo imerundikana, nikazuiwa mlangoni siku ya mtihani pamoja na wenzangu kadhaa. Mtu aliyelipwa mshahara kutushauri alitukalisha ofisini akatuambia kuna wanaolala njaa na bado wanafaulu, kwamba mvumilivu hula mbivu. Alikuwa na hita chini ya meza. Hakuna aliyedunga fimbo ardhini aone kama panakimbilika. Na tangu siku hiyo shangazi na majirani wananiita yule aliyeacha shule, kana kwamba niliichoka tu asubuhi moja nikaenda kunywa chai.

Sisemi ugumu haupo wala kwamba tusifanye kazi. Farasi hawa wanafanya kazi kuliko wengi wetu. Jambo linaloniudhi ni kuchukua mnyama anayepimwa joto kila asubuhi, anayeguswa miguu mmoja mmoja kabla hajatoka zizini kuona kama kuna sehemu imevimba, anayeahirishiwa mbio kwa sababu ya kikohozi, ukamgeuza kuwa fimbo ya kumchapia kijana wa boda anayelala na homa na kesho lazima apeleke hesabu ya mwenye pikipiki. Huo ni utapeli. Wenye farasi wenyewe hawaamini hayo maneno. Viwanja vya Uingereza vilipopoteza pesa nyingi kwa baridi, havikuwahutubia farasi. Vilianza kujenga njia za mchanga maalumu usioganda kirahisi, na mbio za kwanza za aina hiyo zilifanyika Lingfield mwaka 1989.

Na kama lazima tupate mtu wa kusifiwa kwa kuishinda baridi, yupo, ila hayumo kwenye maandishi ya ile picha. Ni saisi. Yeye ndiye anayevunja barafu kwenye ndoo kukiwa bado giza, anayebeba samadi, anayebadilisha blanketi saa tatu usiku, anayejua kwa kusikiliza tu kwamba farasi wa chumba cha nne leo hakutafuna vizuri. Shika kijitabu cha mbio, hata ukienda Ngong Racecourse Jumapili: utapata jina la mmiliki, la mkufunzi, la joki, la baba na mama wa farasi. La aliyemlisha hulipati.

Mwaka 1975 masaisi wa Newmarket walichoka. Waligoma wakitaka pauni chache zaidi kwa wiki, na siku ya mbio kubwa za 1000 Guineas wakaziba njia ya kukimbilia kwa miili yao. Baadhi ya watazamaji, watu wazima wenye suti na tai, walitoka upande wao wakawavamia kwa ngumi. Hao ndio walioonekana wavivu siku hiyo, watu waliokuwa wameamka kabla ya farasi miaka yote.

Januari inakuja na simu zitajaa tena. Mkitutumia ile picha, tutumieni nzima, msimkate yule mwenye ndoo pembeni.