Msipike Data Maabarani
Kosa linaloniuma zaidi katika maabara za fizikia vyuoni si bika iliyovunjika wala amita iliyoungua. Ni kupika data. Mwanafunzi ananing'iniza pendulamu, anapata mchapuko wa uvutano wa dunia 9.78 m/s², kisha anarudi kimyakimya kurekebisha vipimo mpaka jibu liwe 9.81, kwa kuwa ndivyo kitabu kinavyosema. Namba hiyo inaifaa London. Dar es Salaam na Nairobi ziko karibu na ikweta, ambako dunia imetuna na kujizungusha kwake kunapunguza uvutano zaidi. Thamani halisi huku kwetu ni hiyohiyo 9.78 hivi. Aliyepika amefuta jibu sahihi alilolipata kwa mikono yake! Nawasihi wanafunzi: andikeni vipimo kwa wino, palepale, kwenye daftari lenye tarehe, si kwenye kikaratasi. Ukikosea, kata kwa mstari mmoja, namba ya zamani ibaki inasomeka. Tena msipime mbembeo mmoja. Pendulamu ya mita moja huenda na kurudi kwa sekunde 2 hivi. Kidole kikichelewa sekunde 0.2 kwenye saa, hilo ni kosa la asilimia 10. Pimeni mibembeo 20 kwa pamoja, kosa litashuka hadi asilimia 0.5. Nanyi walimu, toeni alama kwa daftari safi na kwa makadirio ya kosa la kipimo, msiangalie tu jibu limekaribia kitabu kiasi gani.