Kumiliki Seva Si Kuitunza

Miaka michache iliyopita kampuni moja ya nje iliifunga akaunti yetu ya video. Kosa letu lilikuwa hili: katika kongamano tulilorekodi, bendi ilitumbuiza wakati wa mapumziko, na mitambo ya kampuni hiyo ikautambua wimbo kuwa ni mali ya mtu. Tuliandika barua pepe tatu. Zote zilijibiwa na mashine. Mihadhara ya miaka mitatu, pamoja na masimulizi ya wazee walioishi katika vijiji vya ujamaa, ikawa haionekani tena kwa wanafunzi wetu. Kwa bahati njema, faili zenyewe tulikuwa nazo kwenye diski. Tulichokosa ni mahali pa kuzionyesha.

Tukaamua kujitegemea. Tulichukua kompyuta kuukuu ya idara, tukaweka Linux, na juu yake Jellyfin, programu huria ya kutiririsha sauti na video, ikiendeshwa ndani ya kontena la Docker. Mwanafunzi mwenye simu aliweza kuingia katika mtandao wa ndani wa chuo na kutazama mhadhara bila kununua bando. Nilijisikia kama mtu aliyehama nyumba ya kupanga na kuingia kwake.

Kontena, kwa asiyelifahamu, ni namna ya kufungasha programu pamoja na kila inachohitaji, kisha kuiendesha ikiwa imetengwa na programu nyingine za kompyuta ileile. Uzuri wake huonekana siku ya kusasisha. Huikarabati programu ya zamani kipande kwa kipande; unapakua kifurushi kipya, unaliondoa kontena la zamani na kuanzisha jipya mahali pake. Lakini utaratibu huo una sharti. Kontena ni chombo cha kupita, na chochote unachotaka kidumu lazima kikae nje yake, katika folda ya kompyuta yenyewe ambayo kontena limeelekezwa kuitumia. Asiyetimiza sharti hilo anaandika juu ya mchanga wa pwani, na siku ya kusasisha ndiyo siku ya maji kujaa.

Sisi tuliiweka nje folda ya video. Folda ya mipangilio na hifadhidata hatukuiweka. Jioni moja, kwa kazi ya dakika kumi, nililiondoa kontena la zamani pamoja na kila kilichoshikamana nalo, nikaanzisha jipya. Likaniomba nichague lugha na nifungue akaunti ya kwanza, kana kwamba hatujawahi kuonana. Video zote zilikuwepo. Kilichopotea ni maelezo yake: mwanafunzi mmoja wa uzamili alikuwa ametumia miezi minne kusikiliza kila kanda na kuandika nani anazungumza, ametoka kijiji gani, na ni dakika ya ngapi anapotaja jambo gani.

Alipofika asubuhi nilimweleza. Akauliza, "Mwalimu, nakala ya akiba iko wapi?" Sikuwa nayo. Akanyamaza kitambo, kisha akauliza tuanze upya na kanda ipi. Wawili kati ya wazee wale walikuwa wameshafariki dunia. Sauti zao tunazo, lakini jina la kijiji lililosikika nusu hatuna tena wa kumuuliza.

Tangu siku hiyo nimekuwa na shaka na namna tunavyouzungumzia uhuru wa kidijitali. Mijadala yetu hukomea kwenye umiliki: data ziko nchi gani, nani ana ufunguo, nani anaruhusiwa kurusha. Tanzania ilipotunga kanuni za maudhui ya mtandaoni mwaka 2018, zilizowataka wenye blogu na wenye redio na televisheni za mtandaoni wawe na leseni, tulibishana sana, na tulikuwa na haki ya kubishana, kuhusu nani apewe ruhusa. Sikumbuki tukiulizana nani atazitunza kanda zetu miaka kumi baadaye.

Wapo watakaosema dawa ni kuacha kusasisha, kwamba mashine inayofanya kazi haichokonolewi. Mwaka 2022 kampuni ya LastPass, inayotunza nywila za watu, iliibiwa nakala za hifadhi za wateja wake. Wadukuzi walipitia kompyuta ya nyumbani ya mhandisi wake mmoja, na mlango walioutumia, kama ilivyoripotiwa mwaka 2023, ulikuwa Plex, programu ya kutiririsha video inayofanya kazi kama ya Jellyfin. Watengenezaji walikuwa wamekwisha kuliziba tundu hilo tangu Mei 2020. Mhandisi hakuwa amesasisha. Wahenga walituonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa udongo wa kuzibia uliletwa hadi mlangoni, mwenye nyumba asiupokee.

Basi kusasisha ni lazima, na kusasisha ovyo ni hasara. Katikati yake ipo kazi isiyo na sifa: kusoma maelezo ya toleo jipya, kusimamisha kontena, kunakili folda ya mipangilio kwenye diski nyingine, kutaja namba ya toleo unalolitaka badala ya kuiachia mashine ichukue la karibuni, na kujaribu kuirejesha nakala ile, maana nakala isiyowahi kurejeshwa ni matumaini tu. Jellyfin 10.11, lililotoka mwaka 2025, lilibadilisha muundo wa hifadhidata. Aliyesasisha bila nakala hakuwa na njia salama ya kurudi nyuma.

Kazi hii haina kifungu katika bajeti zetu. Ndugu zangu watumishi wa umma wanajua: kipo kifungu cha kununua vifaa, na kipo cha hafla ya uzinduzi. Kisima cha kijiji kina jiwe lenye jina la mgeni rasmi, lakini hakuna aliyekabidhiwa pampu. Sisi wanaharakati nasi tunaandika maombi ya fedha za kuanzisha, mara chache za kuendeleza. Hata Jellyfin ilizaliwa Desemba 2018, pale Emby ilipofunga msimbo wake na baadhi ya watengenezaji wakachukua msimbo wa mwisho uliokuwa wazi. Leseni huria iliwapa haki ya kuondoka. Kilichoiweka hai programu yao hadi leo ni watu wanaojitolea kuirekebisha. TANU ilisema "Uhuru na Kazi". Tumelikariri neno la kwanza zaidi ya la pili.

Sasa kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, mimi na wanafunzi wawili tunakaa mbele ya kompyuta ile. Mezani lipo daftari la kawaida: tarehe, namba ya toleo, aliyefanya kazi, na kama nakala ilirejeshwa ikafanya kazi. Maelezo ya kanda tumeyaandika upya hadi kanda ya 17 kati ya 40. Nimeuandikia uongozi wa chuo kuomba posho ya nusu siku kwa mwezi kwa vijana hao. Jibu bado nalisubiri, na Jumamosi ijayo tutakuwapo.