Deni Nalo Lina Umri

Dawa ya deni ni kulipa, tumeimbiwa toka utotoni. Leo nabisha! Jirani yangu pale Kirumba, Mwanza, kaletewa samansi ya Mahakama ya Wilaya kwa nyavu alizokopa miaka 9 iliyopita. Tangu siku ile hajalipa senti wala kukiri kwa maandishi. Sasa anataka kuuza mtumbwi, kwa woga tu. Woga wa nini, ndugu msomaji? Sheria ya Ukomo ya 1971 inampa mwenye madai ya mkataba miaka 6 ya kushtaki. Basi! Ila usijifungie ndani: peleka utetezi wa maandishi mapema, la sivyo hukumu itatoka ya upande mmoja. Tajiri kalala na daftari lake miaka yote hiyo, halafu mvuvi ndiye aitwe mwizi?