Kaswende Haina Kichwa cha Habari

Mwaka 2022 duniani kulikuwa na visa vipatavyo 700,000 vya kaswende iliyotoka kwa mama kwenda kwa mtoto aliye tumboni. Hesabu hiyo ni ya Shirika la Afya Duniani, WHO. Mimba 150,000 kati ya visa hivyo ziliharibika au ziliishia kwa mtoto kuzaliwa mfu, na watoto wengine 70,000 walikufa wakiwa wachanga. Ugonjwa wenyewe hugunduliwa kwa tone la damu ya kidole, majibu hutoka ndani ya dakika 20, na mama aliye katika hatua za mwanzo hutibiwa kwa sindano moja ya benzathini penisilini, dawa ya bei ndogo ambayo imekuwapo tangu bibi zetu wakiwa wasichana. Habari hiyo haikuzunguka kwenye kundi lolote la WhatsApp tunalolijua. Haina kiki.

Hapo ndipo penye tatizo letu. Zamani mganga mkuu alitoa tamko, redio ikalisoma jioni, gazeti likachapa kesho yake. Sasa habari inamfikia mgonjwa kwenye simu kabla haijamfikia mganga mkuu wa wilaya. Inakoelekea habari ndiko foleni inakoelekea, ndiko wafadhili wanakoelekea, na ndiko waziri anakolazimika kukimbilia na maikrofoni. Ugonjwa wa zinaa usioandikwa hubaki bila vipimo. Ule unaoandikwa vibaya hubaki na vipimo vyake kabatini, kwa sababu wenye kuugua wamejificha.

Nguvu hiyo si ya kudhania. Novemba 17, 2015, mwigizaji Charlie Sheen alitamka kwenye televisheni ya Marekani kwamba anaishi na VVU. Watafiti waliokwenda kupekua kumbukumbu za Google walikuta kwamba neno HIV lilitafutwa takriban mara milioni 2.75 zaidi ya idadi ya kawaida. Wiki hiyo mauzo ya OraQuick, kipimo cha kujipimia nyumbani kwa majimaji ya mdomoni, yalikaribia kuwa mara mbili, na yakabaki juu kwa wiki kadhaa. Hakuna wizara iliyolipia tangazo hata moja. Sehemu kubwa ya habari zile ilikuwa umbea mtupu: alilala na nani, nani alilipwa anyamaze. Hata hivyo umbea huo ulipeleka watu kupima.

Kwetu Tanzania, sheria ilibadilishwa mwaka 2019: mtu akaruhusiwa kujipima VVU mwenyewe, na umri wa kupima bila ridhaa ya mzazi ukashushwa hadi miaka 15. Kijana wa kidato cha tatu anayejua kila msanii aliyeachana na nani, tuna shaka kama anajua hilo. Mhariri anayechapa kisa cha msanii aliyemwambukiza mpenzi wake angeweza kuliweka kwa sentensi moja, juu kabisa. Ni maneno kumi na tano hivi. Hayamharibii mtu mtiririko.

Sasa tazama Kamituga. Ni mji wa wachimba dhahabu huko Kivu Kusini, Kongo, ambako Kiswahili ndicho kinachosikika sokoni na machimboni. Septemba 2023 walianza kuonekana watu wazima wenye vidonda na malengelenge sehemu za siri. Ilikuwa mpox, ambayo wengi wanaiita homa ya nyani, lakini ya aina mpya, iliyokuja kupewa jina la Ib. Karibu theluthi moja ya wagonjwa wa mwanzo waliochunguzwa hospitalini hapo walikuwa wanawake wanaofanya biashara ya ngono. Wataalamu wa Kongo waliandika, wakaonya, wakataja namna inavyosambaa. Miezi ikapita. Vyumba vya habari vya dunia vilikuwa na mambo mengine.

Agosti 14, 2024, ugonjwa ukiwa umeshavuka kwenda Burundi, Rwanda, Uganda na Kenya, WHO ilitangaza dharura ya kimataifa. Kesho yake Sweden ikathibitisha mgonjwa wa kwanza wa aina hiyo nje ya Afrika. Mgonjwa mmoja! Simu za dunia nzima zikawaka. Shehena ya kwanza ya chanjo, dozi zipatazo 99,000, ilitua Kinshasa Septemba 5, na uchanjaji ukaanza Goma Oktoba 5. Hatusemi kwamba mgonjwa wa Sweden ndiye aliyeleta ndege ile. Dharura ilitangazwa kabla yake, na mipango ya chanjo haitengenezwi kwa siku tatu. Tunachosema ni kwamba mwaka 2022, mpox ilipoingia London na New York na kuandikwa asubuhi na jioni, Marekani pekee ilitoa zaidi ya dozi milioni moja ndani ya miezi michache. Kamituga ilingoja karibu mwaka mzima ili isikike tu.

Na iliposikika, ilisikika vipi? Mwaka 2022 wagonjwa walikuwa Ulaya, lakini tovuti nyingi za huko ziliweka picha za ngozi nyeusi zenye malengelenge, hadi Chama cha Waandishi wa Habari wa Kigeni barani Afrika kikatoa taarifa ya kupinga mwezi Mei mwaka huohuo. Novemba WHO ikabadilisha jina rasmi la ugonjwa kwa Kiingereza, ikitaja lugha ya kibaguzi na ya kunyanyapaa kuwa sababu. Sisi wenyewe hatuna pa kujisifia. Kisa cha kwanza cha Kenya kilipobainika mpakani Taveta, Julai 2024, kilichobebwa juu ni kwamba mgonjwa ni dereva wa lori. Machi 2025 Tanzania ilipotangaza visa vyake viwili vya kwanza, mmoja wao akatajwa kuwa dereva tena. Ni kweli walikuwa madereva, na njia ya ugonjwa lazima ijulikane. Lakini madereva wa malori na wahudumu wa baa walishabebeshwa UKIMWI miaka ya themanini, na tunajua walichofanya: walitibiwa kwa siri, kwa fundi yeyote aliyekubali kufunga mlango. Dereva aliyesoma kichwa cha habari kinachomtaja kama mtuhumiwa hatasimama kwenye kituo cha afya cha mpakani kuonyesha kipele.

Anayefaidika na siri hiyo yupo kazini. Fungua kurasa za afya zinazopendwa mtandaoni. Picha ya dada ameshika tumbo la chini, maandishi mekundu: dalili saba za PID (maambukizi ya via vya uzazi) usizopaswa kupuuza. Dalili zenyewe zimeandikwa sawasawa tu, pengine zimenakiliwa kutoka kwa daktari. Shuka chini uone. Msomaji anauliza, kwa jina la bandia, kwamba anatokwa na uchafu wenye harufu na mume yuko safarini. Jibu linakuja kabla hajafunga simu: hiyo ni UTI sugu, njoo inbox, dozi ya siku 21, mikoani tunatuma kwa basi. Hakuna kipimo, hakuna swali kuhusu mume. Mwingine anakwenda duka la dawa kununua vidonge vya sipro, ambavyo kisonono kimeshavizoea karibu kila pembe ya dunia. Habari ilifanya kazi yake yote ya kutisha, kisha ikamwacha mgonjwa mlangoni kwa muuzaji.

Wenye kumbukumbu wanakijua kikombe cha dawa ya mitishamba cha Loliondo. Mwaka 2011, kwa shilingi 500, watu waliahidiwa kupona kisukari na UKIMWI, misururu ya magari ikafika kilomita kadhaa, wengine wakafia foleni na wengine wakaacha ARV. Vyombo vya habari vilihesabu magari badala ya kuhesabu waliopona. Na wakati huo simu nyingi nchini zilikuwa bado za kupiga na kutuma meseji.

Kuna madhara makubwa zaidi ya hayo, na mfano wake uko Japani. Aprili 2013 nchi hiyo iliingiza chanjo ya HPV, virusi vinavyoambukizwa kwa kujamiiana na kusababisha saratani ya mlango wa kizazi, katika ratiba ya kawaida ya wasichana. Tayari magazeti na televisheni zilikuwa zimeanza kuonyesha wasichana waliosemekana kudhurika: wanatetemeka, wanashindwa kutembea. Video hizo zikasafiri mtandaoni hadi nchi nyingine. Juni mwaka huohuo, miezi miwili tu baadaye, serikali ikaacha kuihimiza chanjo. Uchanjaji ukaporomoka kutoka asilimia 70 hivi hadi chini ya asilimia 1. Uchunguzi haukuthibitisha kwamba chanjo ndiyo iliyowadhuru wasichana wale, lakini serikali ilirudi kuihimiza Aprili 2022, miaka karibu tisa ikiwa imepotea. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulikadiria kwamba wanawake zaidi ya 5,000 waliozaliwa kati ya 1994 na 2007 watakufa kwa saratani hiyo kutokana na pengo lile.

Kwa nini tunaitaja Japani? Kwa sababu Tanzania nayo inachanja. Tulianza Aprili 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na mwaka 2024 tukahamia dozi moja kwa walio kati ya miaka 9 na 14. Saratani ya mlango wa kizazi hugundulika kwa wanawake zaidi ya 10,000 nchini kila mwaka. Sauti ya mtu asiyejulikana inayodai kwamba sindano hiyo inaua kizazi, ikitumwa kwenye kundi la wazazi saa mbili usiku, inatosha kuwabakiza watoto nyumbani asubuhi ya chanjo. Mwandishi anayeichapa sauti hiyo kwa kichwa chenye alama ya kuuliza, akijificha nyuma ya swali, anafanya kazi ileile ya aliyeirekodi.

Kwa wenzetu wa vyumba vya habari tunasema: wasomaji wengi hawabofyi. Wanasoma kichwa, wanatazama picha, wanasambaza. Basi kichwa kiwe na tiba ndani yake, picha iwe ya mahali na ya ugonjwa unaozungumzwa, na aya ya kwanza imwambie mtu aende wapi, anapimwa nini, na kwamba mwenza wake anatibiwa naye. Anayeuza dawa chini ya habari yako ameingia nyumbani kwako, mtoe.

Lawama kubwa zaidi, hata hivyo, tunaipeleka kwa wenye takwimu. Mwandishi hawezi kuandika asichopewa, na ukimya wa ofisi huzibwa na yeyote mwenye simu. Takwimu za kaswende, kisonono na klamidia nyingi zimelala ndani ya ripoti nene za Kiingereza zinazotoka mambo yakiwa yameshapoa. Tunaitaka Wizara ya Afya itoe hesabu hizo kila robo mwaka, kwa Kiswahili, wilaya kwa wilaya, pamoja na idadi ya vituo vilivyoishiwa penisilini na vipimo, na iweke mganga anayeruhusiwa kujibu simu za waandishi siku hiyohiyo. Zikitoka, gazeti hili litazichapa ukurasa wa kwanza.