Bodaboda Mlimani
Bodaboda inayopanda vilima vya Iveti au Mua, Machakos, kwa kawaida ina injini ya cc 100 hadi 150 inayopozwa na upepo tu. Ikipanda polepole na abiria wawili (sheria inaruhusu mmoja) na gunia la maembe, upepo haupo na injini huchemka. Ndiyo maana oili haingojwi iwe nyeusi tii ndipo ibadilishwe. Adui mkubwa zaidi ni vumbi jekundu: huziba chujio la hewa, petroli ikazidi, plagi ikajaa masizi. Cheni hupakwa oili na kuachiwa ulegevu wa sentimita 2 au 3; ikikazwa kama uzi wa gitaa, husaga meno ya sproketi. Kuteremka hutaka gia ndogo, wala si kuzima injini ili kuokoa petroli, tabia ya hatari inayoitwisha breki mzigo wote.